Anza na Njia ya Kukitoa

Siku niliyokwama ndani ya bani la tumbaku siisahau, mwanangu. Mimi bibi yako mpaka leo nikinusa moshi wa tumbaku moyo unanienda mbio. Acha kucheka. Jana ulinionyesha kwenye simu huo mtambo mnaouchora, wa kuunganisha viini vya atomi ili tupate umeme, ukasema ndani yake kuna joto kushinda la jua. Nikaitika tu. Lakini hofu imenikaa, ndiyo maana nimekuita kabla hujasafiri.

Babu yako alijenga bani la kukaushia tumbaku hapa hapa Usoke. Tanuru liko nje, mabomba ya bati yanapeleka joto ndani, chini ya majani yaliyotundikwa. Ili majani mengi yaenee, akayabana mabomba ukutani kabisa. Lilipendeza kweli! Basi tumbaku ilipokaribia kukauka, kiungo cha bomba kikaachia kule mwisho, cheche zikaanza kuruka. Babu yako akauvuta moto wote nje ya tanuru, lakini bomba lilikuwa bado linaunguza, na kulifikia ilibidi mtu atambae. Mwembamba nilikuwa mimi. Nikampa mama mkwe mtoto, yaani mama yako, nikaingia na gunia lililolowa.

Kiungo nilikifikia, nikakifunika. Kurudi sasa! Bega likanasa kati ya bomba na ukuta. Moshi umejaa, juu yangu majani makavu yanachakarika, na najua cheche moja ikipanda nimekwisha. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa mpaka nikajikojolea, na sioni haya kukwambia. Nje namsikia mama yako analilia ziwa, nawaza, nani atamnyonyesha?

Babu yako akauvunja ukuta kwa sururu, akanitoa huku analia. Mama mkwe wala hakumpa pole. Alimwambia, "Ulipokuwa unajenga, ulidhani bomba haliharibiki, au ulidhani atakayeingia si mtu?" Bani lililofuata babu yako aliliwekea tundu ukutani kwenye kila kiungo, bomba likawa linatolewa na kurudishwa kwa nje, majani hayaguswi.

Sasa wewe unasema ndani ya mtambo wenu mionzi inabaki hata ukizimwa, mtu haingii, unaingia mkono wa mashine. Haya. Na huo mkono ukinasa? Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, huo wenu atauvunja nani? Hapo ndipo ninapotetemeka.

Nakuomba, kila unachochora, anza na njia ya kukitoa. Kinachochakaa upesi kiweke karibu, kitoke peke yake bila kuvuruga vingine. Wakubwa zako wakikwambia nafasi haitoshi, bishana nao, hata wakikununia.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe akili iliyotulia, na kila atakayetumwa kuutengeneza mtambo wako amrudishe nyumbani kwa watoto wake.