Makambi Arobaini ya Mfalme wa Uchina

Kwetu, upande wa Kebirigo, ukisema makambi hakuna mtu atauliza ni nini. Ni ile wiki ya mwezi wa nane ambayo sisi Wasabato tunahama nyumbani na mablanketi, sufuria, wagonjwa na kuku, tunaenda kulala kwenye vibanda vya nyasi kando ya kanisa. Tunasikiliza neno asubuhi, mchana na jioni. Tunaimba mpaka ng'ombe wa Nyamira mjini wanaacha kula. Mimi neno hilo nililijua kabla sijajua jina langu, na sikuwahi kufikiri kwamba lina maana nyingine duniani.

Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu. Ningekuwa nimesoma, ningekosa mke.

Uhuru ulikuwa bado mpya, na mimi nilikuwa kijana wa kujenga nyumba za watu. Kwa kuezeka nyasi hakukuwa na mwingine kama mimi kutoka kwetu mpaka Sironga. Nyumba nikiiezeka, mvua ilikuwa inafika hapo juu inauliza njia nyingine. Shule niliijua kwa nje tu, kwa sababu niliiezeka pia. Lakini mdomo nilikuwa nao. Watu walikuwa wanaacha kuchuma chai wanakuja kunisikiliza.

Basi nikapenda msichana. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu mrefu, mkavu, ambaye hata akicheka hakuna jino linaonekana. Nikaenda kwake na shati safi.

"Tata," nikamwambia, maana mzee kwetu unamwita tata hata kama si baba yako, "nimekuja kwa heshima."

"Wewe ndiye ulisema chatu alimeza baiskeli kule mtoni?"

"Ndiyo, tata."

"Na kengele?"

Nikavuta kola ya shati langu safi.

"Si ulisema kengele ilikuwa inalia ndani ya tumbo la nyoka?"

"Ilikuwa inalia kidogo."

Akaweka kikombe chini. "Binti yangu siwezi kumpa mtu ambaye mdomo wake hauna mlango. Wajukuu wangu wataniambia nini? Lakini sitaki kukuonea. Makambi inakuja. Wewe utatujengea vibanda. Wiki hiyo yote, mpaka Jumapili ya kufunga, nisisikie uwongo hata mmoja kutoka kwako. Mmoja tu nikisikia, usirudi hapa. Ukimaliza salama, tutaongea."

Wiki nzima! Ndugu yangu, afadhali angeniambia nisipumue.

Nilipotoka, msichana alikuwa anachambua chinsaga nje ya jikoni, zile mboga chungu tunazopenda. Hakuinua kichwa.

"Utaweza?" akauliza.

"Mimi? Naweza hata mwaka mzima."

"Huo ni wa kwanza," akasema. "Una bahati ni mimi nimeusikia."

Kabla ya makambi kuanza nilikwenda sokoni Kebirigo kwa fundi wa akala, anishonee viatu vya kupandia juu ya paa. Huyo fundi alikuwa mzee wa Kikatoliki aliyepigana Burma vita vya Waingereza. Huko alikaa na mpishi mmoja Mchina, wakiongea kwa mikono na kwa kuchora chini, na kila alipokata tairi alikuwa anatoa hadithi moja ya huyo mpishi. Siku hiyo akanitolea hii.

"Zamani sana Uchina," akasema, "kulikuwa na mfalme mwenye hasira. Watu wa nchi jirani walikuwa wameua rafiki yake, mtu ambaye wamekula kiapo pamoja kama ndugu. Basi akabeba jeshi lake lote kwenda kulipiza. Huko jua likawa kali. Kwa sababu ya kivuli, mfalme akaingiza makambi yake yote chini ya miti. Zaidi ya arobaini, hii imeshikana na hii, uzio kwa uzio, mpaka mwisho hauonekani."

"Makambi arobaini!" nikasema. Niliona jinsi Wachina wanavyompenda Mungu, nikaona aibu kwa niaba ya kanisa letu.

"Sasa, mkubwa wa jeshi la wale wengine alikuwa kijana tu, mtu wa vitabu. Wazee wa vita walikuwa wanamcheka, wanamwambia ni mwoga. Yeye akakaa kimya, miezi na miezi, akiangalia ile miti. Siku upepo umekuja, akaambia kila askari abebe mzigo wa nyasi kavu. Wakawasha hapa, wakaruka, wakawasha pale. Unaelewa? Kila kambi ilikuwa inawashia jirani yake. Jeshi lote likaisha. Mfalme akakimbia, watu wake wakachoma mpaka nguo zao za vita barabarani ili wasifuatwe. Hakurudi kwake tena. Alikufa kwa aibu."

Nilisikitika sana. "Na mahubiri ilikuwa imefika wapi?"

Akaniangalia. "Mahubiri gani?"

"Ya makambi."

Yule mzee alicheka mpaka sindano ikamdunga kidole. Lakini hakunieleza kitu. Alinipa akala zangu, akaniambia niende nikamwabudu Mungu.

Jumatatu tukaanza kujenga. Mzee wa kanisa alikuwa amepima kila kitu kwa kamba. Mwaka huo mvua ilikuwa imetusahau, jua lilikuwa linapasua vibuyu, kwa hivyo akaamua vibanda vyote viwe chini ya mikaratusi, kwenye kivuli. Tena vishikane, ukuta wa huyu uwe ukuta wa yule, tusimalize nyasi. Mstari mmoja kutoka mlango wa kanisa mpaka kisima, na jiko la kila nyumba hapo mbele yake. Nilijenga kwa siku tatu bila kuongea. Watu walinishika paji la uso wakauliza kama ni malaria.

Jumatano jioni, jua bado liko juu, nilikuwa kwenye paa la kibanda cha mwisho. Nikageuka nikaangalia nilichojenga. Nyasi kavu imeshikana na nyasi kavu. Miti juu, na majani ya mkaratusi unayajua, yana mafuta kama taa. Nikaona makambi ya mfalme. Halafu nikakumbuka kesho kutwa ni Ijumaa.

Kwetu Sabato hatupiki. Chakula chote cha Jumamosi kinapikwa Ijumaa, na kabla jua halijazama kila jiko lazima liwe limezimwa. Kwa hivyo Ijumaa saa kumi kila mama anapika kwa haraka, majiko yote yanawaka mara moja, kila mtu anaongeza kuni kwa sababu jua halimngoji. Yule kijana wa vitabu alihitaji jeshi zima la kubeba nyasi. Sisi tulikuwa tumejibebea wenyewe.

Nikashuka. Njia nzima nilikuwa nahesabu: nikinyamaza, Jumapili nina mke. Nikisema, yule mzee atasikia chatu na kengele.

"Tata," nikasema, "hivi vibanda tuvitenganishe. Tuvunje viwili katikati, tuache nafasi."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na mfalme wa Uchina alikuwa na makambi arobaini, zikachomeka zote."

Uso wake ukafunga. "Watu wa Mungu walichomwa wakiwa makambi?"

"Arobaini, tata. Na zaidi."

"Nani alikuambia?"

"Mchina alimwambia fundi wa akala."

"Mchina gani?"

"Mpishi. Kule Burma. Alimchorea chini."

Hata mimi masikio yangu yalikataa hiyo habari. Mzee alitikisa kichwa polepole, na ukweli ni kwamba alionekana mwenye huzuni.

"Nilikuwa nimeanza kukuombea," akasema. "Umebakisha siku nne tu. Maliza kazi yako uende."

Ndiyo hivyo. Mke akaondoka kwa neno moja la kweli, baada ya mimi kuishi vizuri miaka yote na uwongo.

Asubuhi ya Alhamisi watu wakiwa kanisani nilirudi kuchukua panga langu. Msichana alikuwa kwenye kibanda cha baba yake, katikati kabisa ya mstari, anakunja mablanketi.

"Ati umeua Wasabato wa Uchina," akasema.

"Sikuwaua mimi."

"Ni kweli ama ni kengele?"

"Ni kweli. Naapa..."

"Usiape. Niangalie." Nikamwangalia. Hapo sikuwa na la kuongeza, na nafikiri hicho ndicho alichokiona. Alitoka na mablanketi yote mkononi, akayaweka kwenye majani, akarudi akatoa sanduku la baba yake. Kisha akaniokotea panga.

"Basi vunja," akasema. "Anza na chetu. Ukianza na cha watu wengine watakupiga."

Nilivunja cha mzee na cha jirani yake, na yeye alikuwa anavuta nyasi kuzipeleka kule kwenye majani mabichi ya migomba. Watu walipotoka kanisani walikuta mstari una pengo kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa meno mawili. Mzee alisimama mbele ya pengo lile. Sijawahi kutukanwa kwa sauti ndogo namna ile.

"Kibanda changu," akasema.

"Ndiyo, tata."

"Kitajengwa kesho na mtu mwingine. Wewe nisikuone."

Lakini kesho ilikuwa Ijumaa, nyasi zilikuwa zimelowa umande kwenye migomba, na kila mtu alikuwa na kazi yake. Pengo likabaki. Mimi nilikwenda nikakaa upande wa pili wa barabara, ambako hanioni na mimi naona kila kitu.

Saa kumi majiko yote yaliwaka. Saa kumi na nusu upepo ulikuja kutoka mlimani, ukapita kwenye majiko ya kule kisimani. Sijui lilikuwa jiko la nani, na hakuna aliyewahi kujua. Niliona tu moshi mweupe umekuwa mweusi. Kibanda cha kwanza kiliwaka kama karatasi, cha pili hakikungoja, na mikaratusi ikaanza kulia juu, pa! pa! pa! kama bunduki. Nilikimbia. Siku hiyo ningeshindana na treni ningeiacha.

"Tokeni! Upande wa kanisa! Wacheni sufuria!"

Akina mama walitoka, wazee wakatolewa mgongoni, mama mmoja alitoka na kuku wawili akarudi kwa wa tatu, nikambeba na kuku wake. Moto ulikuwa unakimbia juu ya zile paa zangu nzuri, paa ambazo mvua haizijui, lakini moto ulizijua zote. Halafu ukafika kwenye pengo. Ukainama, ukanyoosha mkono, ukatafuta cha kushika. Sisi tulikuwa hapo na majani ya migomba na ndoo, mimi na msichana na watu wengine, tunapiga kila cheche iliyoruka. Nilipogeuka, aliyekuwa anapiga karibu na mimi, koti limetoboka begani, alikuwa mzee wa kanisa. Hakusema kitu. Na mimi sikusema, na hilo peke yake lilikuwa muujiza.

Jua lilizama, moto ukazama nalo. Nusu ya mstari ilikuwa majivu, nusu ilikuwa imesimama. Hakuna mtu aliyekufa. Mhubiri wetu suti yake iliungua, kwa hivyo Sabato alihubiri na koti la jeshi la fundi wa akala, na Wakatoliki wa jirani walituletea chakula cha kutosha. Huyo fundi alipoleta koti ndipo aliponivuta pembeni akaniambia, huku machozi ya kicheko yanamtoka, kwamba makambi ya mfalme ilikuwa ya askari, si ya Sabato.

Jumapili ya kufunga, mzee alisimama mbele ya kanisa lote akaniita.

"Huyu atatuambia habari ya Uchina," akasema. "Na aseme bila kuongeza hata kuku mmoja. Mimi nimekaa hapa. Akiongeza, nitakohoa, na nikikohoa amemalizana na mimi."

Nikasimama. Nikasema habari ya mfalme na hasira yake, jua, kivuli, uzio kwa uzio.

"Walikuwa Wasabato?" mzee akauliza.

Kanisa lote likaningoja. Ningesema ndiyo, wangelia.

"Hapana, tata. Walikuwa askari. Nilikuwa sijaelewa."

"Makambi ilikuwa ngapi?"

"Nimeambiwa zaidi ya arobaini. Mimi sikuhesabu."

Nikaendelea mpaka kwa kijana wa vitabu na mizigo ya nyasi. Nilikuwa nimefika mahali mfalme anakimbia, na mdomo wangu ulikuwa unawasha unataka kumpandisha juu ya tembo, nikammeza huyo tembo mzima. Hapo hapo mzee akakohoa.

Nikanyamaza. Msichana, kule kwa akina mama, alishika mdomo.

"Endelea," mzee akasema, akijipangusa macho. "Ni moshi wa juzi tu."

Nilimaliza. Mzee akaniambia mbele ya watu wote nije kwake na wazee wangu baada ya chai kuchumwa.

Huyo msichana bado ananipikia chinsaga, na bado ananihesabia. Lakini baba yake, miaka ile iliyofuata, alianza kusimulia moto huo mwenyewe kwa wajukuu. Mwanzoni moto ulikuwa mrefu kama mkaratusi. Mwaka uliofuata ukawa mrefu kuliko mlima. Siku moja alikuwa amemweka mtoto wetu wa kwanza gotini, akasema moto huo ulionekana mpaka Kisii mjini, na watu wa huko walitoka nje wakasoma Biblia kwa mwanga wake.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nikakohoa.