Makangaga Hayatoki

Mwenyekiti wa jumuiya yetu alifika nyumbani kwangu, hapa kijijini Daudi, asubuhi moja ya ukungu. Alivua kofia, akaniamkia kwa heshima zote, kisha akakataa kuingia ndani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia basi, mbona unasimama kwenye baridi?"

"Hapa panatosha, Mwalimu."

Kwetu katekista huitwa mwalimu mpaka anazikwa, hata kama amestaafu siku nyingi kama mimi. Mwenyekiti huyu nilimfundisha ishara ya msalaba akiwa bado anachunga ndama. Sasa alikuwa anachungulia juu ya bega langu, dirishani, kwenye karai kuukuu lililobeba kangaga langu kubwa.

"Alhamisi sala ni zamu ya kwako," akasema. "Watu watakuja. Ila wanaomba hayo majani yatoke kwanza."

"Yatoke yaende wapi?"

"Yarudi yalikotoka."

"Hayatoki," nikamwambia.

Nilisema haraka kuliko nilivyokusudia, na ndani nikamsikia mke wangu akikohoa. Hapo nikakumbuka kwamba jibu langu lilikuwa linamgusa yeye kuliko mimi. Kifua chake kilikuwa hakimruhusu tena kupanda vilima vyetu kwenda kusali kwa jirani. Jumuiya ilikutana naye pale tu zamu ilipofika kwetu, na zamu hiyo aliingoja kama mtoto anavyoingoja Krismasi.

Kifua hicho kilitokana na moshi. Amepikia kuni maisha yake yote, na nyakati za baridi tulikuwa tukileta jiko la mkaa sebuleni, tukafunga mlango, tukaziba dirisha kwa gunia. Kila nyumba ya huku juu hufanya hivyo. Tulipokwenda hospitali Mbulu mjini, daktari alisema neno moja tu la maana: mama atoke kwenye moshi. Muuguzi aliyetuhudumia alikuwa binti wa Lindi, amepangiwa kazi huku, analalamikia baridi tangu asubuhi mpaka jioni. Alitukaribisha chai kwenye chumba chake cha kupanga, na pale dirishani, kwenye chungu kizuri cha kununua, niliona mmea ninaoujua tangu utotoni, kangaga.

"Hili umelitoa wapi?" nikauliza.

"Nimenunua Arusha, Babu. Yanasafisha hewa ya ndani. Nimesoma kwenye simu."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. "Umenunua! Kwetu yamejaa bondeni, hata ng'ombe hawayataki."

"Basi Babu una duka zima na hujui," akasema.

Maneno yale yalinifuata mpaka nyumbani. Chini ya shamba letu kuna chemchemi, na pembeni mwake makangaga yamesongamana kiasi kwamba unasikia maji kabla ya kuyaona. Lakini tangu nikiwa mdogo sikuwahi kung'oa hata moja. Bibi yangu alitukataza. Alisema kinachoota pale maji yanapotokea ni cha wenye maji, na wenye maji si watu. Hakuchota kabla ya kusalimia. Alibatizwa uzeeni, akaipenda rozari yake sana, lakini chemchemi aliendelea kuisalimia, na mimi sikumhukumu. Nilijua tu kwamba mimi nimefundishwa vingine. Maji ni ya Mungu, majani ni ya Mungu, na siku ile ya kuumba aliyaona yote kuwa mema kabla hajamweka mtu yeyote wa kuyaogopa.

Nilishuka na jembe, nikapiga ishara ya msalaba, nikachimbua shina moja na udongo wake.

La kwanza lilikufa. Nilikuwa nimelipanda kama mahindi, juani, kwenye udongo mtupu. La pili nililipa udongo mweusi wa majani yaliyooza chini ya miti, nikachanganya na mchanga wa mtoni na samadi ya zamani kidogo, nikatoboa karai chini ili maji yasilale. Nililiweka dirishani upande ambao jua halipigi. Kila asubuhi nililinyunyizia maji ya mvua kwa kopo nililolitoboa matundu. Likatoa majani mapya yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga, yakawa yanajikunjua polepole, na mke wangu akawa anaketi karibu nayo na kuniambia lipi limefunguka.

Lakini ncha zilikuwa zinakauka. Nilimpigia simu yule muuguzi.

"Babu, jiko bado liko sebuleni?"

"Liko. Baridi hii!"

"Basi hilo ndilo linaloyaunguza. Na dirisha unafungua?"

Nilikuwa nimeambiwa na daktari niondoe moshi kwa ajili ya mke wangu, nikawa ninaahirisha, nikisema baridi ikipungua. Kwa ajili ya kangaga nililitoa jiko siku ileile. Mke wangu alinitania kwa hilo kwa muda mrefu. Gunia nililing'oa dirishani. Kupika kukahamia kibanda cha nje, na kwa kuwa yeye hakupaswa kukaa kwenye moshi hata huko, nilianza kusonga ugali mwenyewe. Wanaume waliopita njiani walisimama kuangalia. Mmoja akaniuliza kama mahari ilirudishwa. Nilimwambia apite ndani aonje, na kama haujaiva ndipo aseme.

Kikohozi kilipungua. Hakikuisha, lakini kilipungua, na usingizi ukarudi. Nilimshukuru Mungu, nikapanda makangaga mengine, kwenye ndoo iliyopasuka, kwenye sufuria lisilo na mkono, hadi sebule ikawa kijani.

Jumapili moja baada ya ibada watu waliniuliza hali ya mgonjwa. Nilijibu kwa furaha, na kwa Kiswahili, kwa sababu palikuwa na walimu na watumishi wa zahanati waliotoka mikoa mingine: "Anaendelea vizuri. Nimeleta majani ya chemchemi, yanasafisha hewa ndani ya nyumba."

Sentensi hiyo ilitembea kuliko mimi. Wengi wetu Kiswahili tumekipata shuleni. Ukisikia neno unalipeleka kwenye lugha ya nyumbani, halafu unalirudisha, na likirudi si lilelile. Hewa ikawa upepo. Upepo ukawa pepo. Kufikia juma lililofuata habari ilikuwa kwamba Mwalimu anasafisha nyumba kwa majani ya wenye maji, na juma lingine ikawa kwamba anafuga pepo kwenye ndoo. Na tangu lile tope liliposhuka mlimani na kuzika nyumba kule Jorodom, watu wetu wamekuwa wepesi kuogopa kila kitu kinachohusu maji na mlima. Siwacheki kwa hilo. Tope lile lilitutisha sote.

Basi mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, nami nimemwambia hayatoki. Nililichukua lile karai, nikamsogezea.

"Angalia vizuri. Ni jani tu."

Aligeuza jani moja kwa ncha ya fimbo, akaruka nyuma. "Mwalimu! Na haya mayai ni ya nini?"

Chini ya jani palikuwa na vidoti vya kahawia, vimejipanga safu mbili.

"Hiyo ndiyo mbegu yake. Halitoi ua, mbegu zake hukaa chini ya jani."

"Mmea usiotoa ua, unazaa kwa kujificha," akasema. "Na bado unaniambia ni jani tu."

"Viazi navyo vinazaa kwa kujificha. Umeacha kuvila?"

Alitaka kucheka, akajizuia. Nikamuuliza kama nilivyokuwa nikimuuliza darasani: "Kwenye chemchemi ile kuna mwenyewe au hakuna?"

"Hakuna, Mwalimu. Ni Mungu tu."

"Basi unaogopa nini?"

"Mimi siogopi. Ni watu."

"Waambie watu kwamba nikiyatoa nitakuwa nimekiri kuna kitu ndani yake. Nimefundisha kinyume cha hilo tangu wewe hujazaliwa. Sianzi kukiri leo."

Aliondoka ameinamisha kichwa. Niliingia ndani nikiwa sina raha. Kusimama imara ni rahisi unapolipa mwenyewe. Hapa alikuwa analipa mwingine. Nilimwambia mke wangu, "Uamuzi ni wako. Ukisema yatoke, nitayarudisha bondeni leo, na jumuiya itakuja."

Aliweka mkono wake kwenye jani. "Wewe ulifundisha vitabuni," akasema. "Mimi nilifundisha watoto wetu kwamba wasiogope chemchemi. Nani atakwenda kuwaambia nilikuwa nadanganya? Acha yakae."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi tutasali wawili. Kwani tulianza na wangapi?"

Alhamisi ilipofika, zamu yetu ikarukwa. Jumuiya ilikwenda kwa jirani, ng'ambo ya uzio wetu wa minyaa. Niliwasha mshumaa, nikaweka msalaba kati ya makangaga, mahali pa heshima, na nikafungua madirisha yote kama kawaida ya nyumba yetu. Tuliwasikia wakianza wimbo. Waliuanza chini mno, kila mtu na njia yake. Miaka yote mwanzishaji wa nyimbo alikuwa mke wangu, na tangu augue hapakupatikana mwingine.

Alivumilia ubeti mmoja. Wa pili ulipoharibika aliinuka, akashika fremu ya dirisha kati ya majani, akauchukua wimbo ule ukiwa hewani na kuupandisha mahali pake.

Nilikuwa na hofu ya kifua chake. Pumzi haikukatika. Ng'ambo ya pili wakamwitikia. Wakaimba hivyo mpaka mwisho, yeye dirishani, wao uani kwa jirani, minyaa katikati.

Kisha mama yake mwenyekiti, bibi anayenizidi umri, akaja akizunguka uzio na fimbo yake, akilalamika kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mwenye pepo anaimba vile? Pepo gani hilo, nami nilitake!" Akaingia bila kubisha. Nilimwamkia, akaitikia huku akiwa ameshaketi chini ya karai. Wanawake wakamfuata. Mwenyekiti aliingia wa mwisho, na kiti alichokichagua ni kile cha mlangoni.

Hawakuingia wote. Wapo ambao mpaka leo hawavuki kizingiti changu, na ninawaamkia njiani bila kinyongo. Muuguzi mwenyewe, kabla ya kuhamishwa, alinipigia kuniambia amesoma tena, na kwamba inawezekana kilichosaidia ni dirisha na jiko, majani ni kidogo tu. Nilimshukuru. Nikamwambia kwamba bila majani nisingefungua dirisha.

Yule bibi aliondoka na chipukizi kwenye kopo. Mwanawe alilibeba mpaka kwake kwa mkono ulionyooshwa mbele, mbali na kifua, na mke wangu akamwitia pale dirishani: "Libebe vizuri, mwanangu, lisimwagike pepo!"

Sasa Alhamisi zamu yetu ikifika, wapo wanaouliza kwa upole kama siwezi kuyasogeza makangaga chumbani, kwa muda wa sala tu. Ninawakaribisha waketi. Hayatoki.