Nyasi ya Plastiki Juu ya Mtaro Wetu

Nimefuga ng'ombe tangu niolewe hapa Endarasha, kwa hivyo nyasi ninaijua. Ile ambayo kijana wangu alileta kwa lori kutoka Nairobi, imekunjwa kama mikeka ya kanisa, haikuwa nyasi. Nilichomoa kipande nikampelekea ng'ombe. Alinusa, akanitazama, akageuza matako. Mnyama hajasoma, na mimi sikupita darasa la tatu, lakini tulielewana.

"Mami, si ya kukula," kijana akasema. "Ni ya watoto kuchezea mpira. Wakija hapa wanalia matope."

Watoto ni wajukuu wangu watatu. Huja Pasaka na Krismasi, wakishuka kwa gari wanakanyaga na ncha za vidole kama paka aliyemwagiwa maji. Nililea saba kwa matope hayo na hakuna aliyeyeyuka. Lakini kijana alikuwa ameamua: kiwanja nyuma ya nyumba, wavu pande zote, kijani mwaka mzima. Huku Kieni, ambako jua la Februari hukausha mate mdomoni, kijani mwaka mzima ni uongo, na huo wake ulikuwa mpana kuliko nyumba yangu.

Fundi wake alikuja na kofia ngumu na tepu ya kupimia. Aliniita shosho, kama nyanya yake, kabla hata sijamkaribisha.

"Shosho, hapa tunatoa udongo, tunaweka kokoto, tunashindilia na mashine, halafu vumbi ya mawe, halafu tunalaza nyasi."

"Na maji?"

"Inapita kwa nyasi inaingia chini. Iko na matundu."

"Nauliza ile inatoka huko juu."

"Huko juu kuna nini?"

"Kuna mteremko. Macho si uko nayo?"

Katikati ya mahali alipokuwa akipima kulipita mtaro wetu, wa kina cha kiuno. Nasema wetu kwa sababu tuliuchimba wanawake kumi na wawili, kwa ngwatio: leo kwangu, kesho kwako, hakuna anayelipwa, na kila jembe linarudishwa kwa jembe. Na kilichochimbwa kwa ngwatio hakifukiwi bila kuita wenyewe. Mtaro huo ulikamata maji ya mteremko ukayapeleka bondeni. Chini ya mtaro, kwenye mteremko, kuna stoo ninamoweka mbegu ya viazi. Mbegu hiyo ikiloa inaoza, na ikioza sina msimu. Sipandi, sivuni, naanza kuombaomba chakula kwa watoto wangu. Heri nizikwe.

Siku moja nilienda kliniki Nyeri mjini, mambo ya presha. Kurudi, mtaro haupo. Mashine inanguruma juu yake.

"Tulijaza hiyo shimo, shosho," fundi akasema. "Ingevunja mtu mguu."

"Hiyo shimo iko na wenyewe."

"Akina nani?"

"Wanawake kumi na wawili."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nikampigia kijana simu kumweleza habari ya mtaro. Akaniambia, "Mami, wachana na fundi. Hiyo kazi ameisomea."

Basi nikawachana naye. Nilikaa kwa kigoda nikaangalia watu wazima wakibandika nyasi kwa gundi, wakaimwagia mchanga, kisha wanaume wanne wenye ndevu wakaipiga ufagio siku nzima ili isimame. Kuku wangu walipekua hapo tangu asubuhi hadi saa sita bila kupata hata mdudu. Hata kuku ana aibu. Waliondoka.

Kisha ati lazima kiwanja kiombewe. Huku kwetu hata tangi la maji huombewa, kwa hivyo sikubisha. Ikawa Jumapili ya Aprili: hema, pilau, mbuzi wa kuchoma, mchungaji na viatu vya kung'aa. Kikundi chetu cha ngwatio kiliketi mbele na vitambaa vyao vya kichwa. Mkubwa wetu, mama mmoja asiyeficha neno, aligusa plastiki kwa kidole cha mguu.

"Mtaro wetu uko wapi?"

"Umeukanyaga. Walifukia."

"Na hukutuita."

Kwa mambo yote ya kiwanja hicho, hilo ndilo lililonichoma. Niliogopa kuonekana mama anayeshindana na mtoto wake.

Mvua ilinyesha mchungaji akiwa bado anaomba Bwana akilinde kiwanja. Maji mekundu yakashuka mteremko, yakagonga ukingo wa kokoto, yakageuka, yakashika njia ya mlango wa stoo. Sikungoja amina. Nilichukua kisu cha kukatia mbuzi nikapasua ile plastiki kuanzia kwa wavu.

"Shosho, hiyo gundi ni ya ng'ambo," fundi akaita, mfupa ukiwa mkononi.

"Ilambe," mama mkubwa akamwambia. Alikuwa ameshavua viatu, jembe langu begani, na wengine kumi nyuma yake na nguo zao za kanisa. Hakuna aliyeuliza mtaro ulipita wapi. Mikono ilikumbuka. Kokoto ziliruka, mchungaji akarudi nyuma kuokoa viatu, na kijana wangu akasimama na mwavuli kama mlingoti.

Maji yalipogeuka kwenda bondeni nilifungua stoo. Magunia mawili ya chini yalikuwa yameloa. Mengine yalikuwa makavu.

"Mami, ungeniambia," kijana akasema.

"Nilikuambia. Ukaniambia fundi amesoma."

Mama mkubwa alikuwa anakamua leso. "Kijana, leo tumefanya kazi kwako. Sisi ni kumi na mmoja, ukitoa mama yako. Utaanzia kwangu."

"Nitawatumia vibarua, mama."

"Ngwatio haina kibarua. Ni wewe."

Alidhani ni mzaha mpaka nilipomletea gamubuti za shamba za marehemu baba yake. Jumamosi iliyofuata alitoka Nairobi alfajiri, wajukuu wakiwa nyuma ya gari, akaingia shamba la mama mkubwa kupanda viazi. Nilienda kusimama ukingoni. Mistari yake ilipinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea. Wanawake walinitazama kuona kama nitamnyamazia tena. Nikamwambia afukue, aanze upya.