Aliyegonga Saa Nane

Nakumbuka mchana mmoja pale kwetu Kiuu, jua limewaka mpaka mabati ya geti huwezi kuyagusa. Nimeketi mlangoni nikinywa chai, nikasikia mtu akigonga, na sikuinuka. Shika hapo, mwanangu, tutarudi. Na usicheke nikikuita mwanangu. Najua ndevu zangu unaweza kuzihesabu, na shule niliishia darasa la nane, lakini kuna ujinga ukishaufanya unazeeka siku hiyo hiyo.

Tulizaliwa watatu: Njoroge mkubwa, halafu Wanjiku, halafu mimi Mwangi, wa mwisho na wa mdomo mrefu. Baba alikufa akatuachia ploti ya vyumba kumi vya kupangisha. Njoroge akaanza kulewa. Siku moja, kwa ulevi, alimsukuma mama akaanguka. Mama akamwambia atoke na asirudi tena. Akaenda Gatuanyaga, upande wa Thika, kuchunga mbuzi za watu, mimi nikabaki na funguo za ploti. Utamu wake sikufichi. Hata wazee walikuwa wananisalimia kwanza.

Baada ya mwaka hasira ya mama iliisha. Akamtuma mtu wa bodaboda: mwambie Njoroge nimemsamehe, aje nyumbani. Akangoja. Mwezi ukaisha, akasema basi, mtoto wangu amekataa msamaha wangu. Wanjiku naye akasema mama ndiye alimfukuza kijana kama mbwa, na akaacha kula kwa mama. Akija, anasimama mlangoni kama mtu wa kusoma mita ya stima. Mimi nikawa katikati yao nikichekesha kila mtu, kama mtu anayepiga mluzi akipita makaburini.

Mwaka jana Wasomali walianza kuja mtaani kwetu, wengine kutoka mtaa wa Isli, wengine kutoka mbali zaidi, mahali walikimbia bunduki. Wanjiku anauza nguo Githurai, na huko ndiko alijuana na Mama Hodan, mjane mwenye wasichana wawili. Akamleta chumba nambari moja, kile kinachopakana na geti. Mimi nikapinga. Nilisema Wasomali wana maneno mengi, mimi, mtu ambaye mdomo wangu haujawahi kupumzika. Ukweli ni kwamba nilitaka Wanjiku ajue nani ana funguo.

Halafu watu wakaanza kuona kitu. Kila siku saa nane mchana, watoto wako shule, wakubwa wako kazini, ploti imenyamaza mpaka unasikia nguo zikidondosha maji, Mama Hodan anatoka, anafungua geti, anasema neno kwa Kisomali, anangoja kidogo, anafunga. Nje hakuna mtu. Hata kuku hakuna. Jirani wa chumba cha tano akasema huyo mama anakaribisha majini, ndio maana anachoma ule ubani wake. Mimi nikaongeza chumvi. Nikamwambia Mama Hodan ahame mwisho wa mwezi.

Wanjiku akakataa. Mama akatuita kwake Jumapili tukitoka kanisa, akamwita Mama Hodan na yule jirani pia. Nikamuuliza huyo mgeni kama wageni wake wa hewani wanatumia choo chetu. Jirani akacheka. Mama Hodan hakucheka.

"Mimi nasikia mtu anagonga," akasema polepole. "Kila siku. Kwetu, mtu akigonga, hauachi yeye nje. Nafungua, hakuna mtu. Basi nasema karibu, nafunga."

Wanjiku akamuuliza anagonga namna gani.

Akatoa pete kidoleni, akagonga nayo kikombe cha bati. Mara mbili, haraka. Akanyamaza kiasi cha kuvuta pumzi. Halafu mara moja, taratibu.

Mwanangu, nilisikia baridi kwa meno. Tukiwa wadogo, Njoroge akichelewa mpira alikuwa anagonga geti hivyo na shilingi, ndio mmoja wetu atoke amfungulie kabla baba hajasikia. Hatukumwambia mtu yeyote. Hata mama hakujua.

Wanjiku hakumwangalia mama. Aliniangalia mimi.

"Mwangi," akasema, "mbona umeacha mzaha?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikasema yote. Njoroge alikuja. Siku ya tatu baada ya ule ujumbe wa mama, saa nane mchana, mama ametoka. Aligonga vile tulivyozoea, akakohoa, akangoja, akagonga tena. Mimi nilikuwa na chai mkononi na funguo kiunoni, nikawaza, huyu akiingia, mimi ni mdogo tena. Nikaongeza sauti ya redio. Chai ilipoisha, alikuwa ameacha kugonga.

Mama hakulia. Alichukua kile kikombe cha bati akakiangalia ndani.

"Miaka mitatu," akasema, "nimemkasirikia mtoto aliyekuwa mlangoni kwangu."

Kesho yake mimi na Wanjiku tulienda Gatuanyaga kwa pikipiki, tukimeza vumbi. Mwenye mbuzi akatuonyesha chumba cha Njoroge. Buti ziko pale. Koti liko kwa msumari. Akasema Njoroge alinyoa, akavaa shati safi, akaaga kwamba anaenda kumwona mama yake, na hakurudi.

"Mimi nilidhani mnaishi naye," akasema.

Tumeuliza polisi, tumeuliza hospitali, Thika mpaka Ruiru. Tungali tunauliza.

Mama Hodan hakuhama. Nilimwomba msamaha mbele ya wapangaji wote, na safari hiyo sikuweka mzaha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nadhani hayo ni maneno ya insha tu. Wanjiku anakula kwa mama sasa. Mimi bado ananipimia maneno, na ni haki yake.

Kufuli ya geti niliitupa. Na tangu ile Jumapili, Mama Hodan anasema hasikii tena kitu. Mimi ndiye ninasikia. Mara mbili, pumzi, mara moja. Ninaacha chai, ninafungua, ninasema karibu, Njoroge.

Basi sikia, mwanangu. Ndugu yako akigonga, fungua kwanza, mgombane mkiwa ndani. Kosa lako usimwachie mama yako kulala nalo. Na ukisikia dhambi ya nyumba yenu inabebeshwa mgeni, jiulize ni nani anayeogopa kuangaliwa yeye.

Mungu akuwekee mtu ndani, siku utakayogonga wewe. Na akupe masikio ya kumsikia anayegonga akiwa bado yuko nje.