Niliitengeneza Mashine Kimya Kimya, Bi Mishi Akaitwa Mwizi

Kosa ni langu. Naliandika hili mwanzo kabisa, usije ukanihurumia kabla hujajua nilichokifanya.

Mimi ni kijana wa Munje. Shule niliishia darasa la nane, na tangu utotoni kusema mbele za watu kunanishinda. Ulimi huwa mzito, macho yanatafuta sakafu. Kazi nilitafutiwa na jirani yetu, mjane ambaye hapa nitamwita Bi Mishi. Alikuwa akifanya kazi kwenye dobi kubwa huko Diani, panapofuliwa shuka na taulo za mahoteli. Alinipeleka kwa msimamizi akasema, "Huyu ni mwanangu. Hasemi, lakini akili anayo."

Kila taulo na kila shuka ilishonewa lebo yenye mistari myeusi. Aina moja ya nguo, lebo moja. Bi Mishi alikaa meza ya mwisho. Huchukua skana, kile kimashine cha kusomea lebo, akasoma, akaiweka chini, akakunja taulo, akaishika skana tena. Jioni kifundo cha mkono kinamvimba. Nilimwonea huruma. Basi msimamizi alipoleta kinara cha kusimamishia skana, ili isome yenyewe nguo ikipitishwa mbele yake, nikajitolea kuifunga.

"Wewe?" akaniuliza, akinionyesha kitabu cha maelezo kilichokuja na skana. "Kiingereza cha hiki kitabu unakijua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikukijua. Nilijua michoro tu.

Kitabu kilikuwa kimejaa mistari kama ya lebo. Ukiisomesha skana mstari fulani, inabadilika tabia. Nilisomesha ule wa kuifanya isome yenyewe, ikakubali. Lakini ikishasoma taulo moja, ilingoja kidogo kabla ya kuikubali nyingine ya aina ile ile. Wanawake wa mezani wakaanza.

"Mashine yako ina maringo, we kijana. Yataka kubembelezwa kama bibi harusi."

"Mpigieni vigelegele, huenda akainua uso."

Na kila iliposoma ililia, na kila ilipolia watu waligeuka kunitazama mimi. Niliona haya. Nikatafuta kitabuni mstari wa kuzima mlio, nikauzima. Kisha nikapunguza kule kungoja, nikakupunguza mpaka mwisho. Taulo zikapita kama maji. Bi Mishi akainua mikono yote miwili akasema, "Tazameni, mikono yangu nimerudishiwa." Msimamizi akanipiga begani. "Umeweza, fundi."

Sikuwahi kuitwa fundi na mtu yeyote. Jina lile lilinilevya.

Haukupita muda hoteli moja ikalalamika. Kompyuta yetu ilisema taulo zimetoka nyingi, wao wanapokea pungufu. Ikawa hivyo tena, na tena. Na taulo zote, kabla ya kuingia garini, zilipita mikononi mwa mtu mmoja.

Msimamizi alimwita mbele yetu sote. "Mama, sitaki maneno mengi. Taulo zinaenda wapi?"

"Zinaenda kwenye gari, baba."

"Gari linasema hazifiki."

"Basi liulize gari. Mimi nimezeeka na taulo hizi. Sijatoka hapa hata na uzi wake."

Kisha akanitazama, kama mzazi anayengoja mwanawe aseme neno. Nikatazama sakafu. Akaambiwa aende nyumbani, ataitwa.

Wenzangu walipokwenda kula nilibaki. Nikachukua taulo moja nikaipitisha polepole, kama alivyokuwa akipitisha yeye, kwani alikuwa na desturi ya kunyoosha pembe kwanza. Kwenye kompyuta taulo ile moja ikahesabiwa mbili. Nikaishikilia zaidi kidogo, ikawa tatu. Laiti mlio ningaliuacha, yeye mwenyewe angaliusikia ukirudia.

Ningemwita msimamizi pale pale, mambo yangeishia hapo. Sikumwita. Nilifungua kitabu, nikairudishia skana kungoja kwake na mlio wake, nikakifunga. Nilijiambia kwamba hesabu ikikaa sawa, watamrudisha.

Hesabu ikakaa sawa. Msimamizi akasimama katikati ya chumba akasema, "Mmeona? Mwizi ametoka, taulo zimetimia."

Ewe unayesoma, kule kutengeneza kwangu ndiko kulikompachika jina la mwizi.

Habari ikafika Munje kabla yangu. Bi Mishi ndiye aliyekuwa akikabidhiwa vyombo kwenye kila harusi ya mtaa wetu, sufuria na sahani zote. Harusi iliyofuata wakamkabidhi mwingine. Hakuna aliyemwambia neno. Alifika na kanga yake ya kazi, akaona vyombo viko mikononi mwa mwenzake, akarudi.

Hapo akaamua kusomesha halbadiri, dua ya aliyedhulumiwa, ili aliyemdhulumu alipwe na Mungu. Alikuja mwenyewe kunialika. "Wewe umesoma Kurani chuoni, mwanangu, na sauti yako nzuri. Njoo unisaidie kuitikia."

Nilikwenda. Nilikaa karibu na mlango, ubani ukifuka. Mwalimu aliyeongoza dua akiomba aliyemdhulumu mwanamke huyu asipate utulivu, wote wanasema amin. Nami nikasema. Nilisema kwa sauti kuliko wenzangu, ili nisishukiwe.

Tangu siku ile chakula kikawa mchanga mdomoni. Homa ikanishika. Aliyekuja kuniangalia ni yeye, na bakuli la uji.

"Pole mwanangu. Nasikia unaogopa dua. Usiogope, wewe haikuhusu."

Nikalia kama mtoto, nikamwambia yote. Akalifunika bakuli kwa kawa.

"Uliniona nimesimama pale," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na ukaja kuniitikia dua."

"Ndiyo."

Akaondoa kawa. "Kunywa uji. Ukipona utayasema haya Diani."

Niliyasema, yeye amesimama kando yangu. Ndiyo mara ya kwanza nilipomtazama msimamizi usoni. Akacheka. "Skana iko sawa, naiona kila siku." Nikamwomba niirudishe ilivyokuwa, aone kwa macho yake. "Ukiifundisha uongo leo, itasema uongo. Huyu mama amekutisha na hizo dua zenu." Shahidi wangu pekee ilikuwa ile mashine, na nilikwisha kuitengeneza. Tukatolewa nje sote wawili.

Njiani nilimwomba aiondoe ile dua. "Mimi nimekusamehe. Lakini dua nimeshaipeleka, mwanangu. Sijui njia ya kwenda kuirudisha."

Sasa anafulia watu nguo majumbani, kwa mikono ile ile niliyotaka kuipumzisha.

Nawe mwenye haya kama mimi, nakusihi. Chombo kikikosea mkononi mwako, usikirekebishe kwa siri. Kiache kikosee mbele za watu, wakucheke, uaibike. Aibu hiyo utaimaliza siku hiyo hiyo. Yangu haimaliziki. Msikitini wenzangu wakiitikia amin, mimi huufumba mdomo.