Goti la Bibi Ndani ya Kinanda

Mimi mtu akimgusa shangazi yangu, sijui kunyamaza. Nimeumbwa hivyo, na kijiji chetu kizima cha Murungu kinajua. Kwa hiyo tulipokuwa studioni Kasulu na prodyuza akasema tutafute sauti nyingine ya kuongoza wimbo, nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza.

"Oya, rudia ulichosema."

"Dogo, tulia. Mama ana sauti tamu, sijakataa. Ila kila akifika mwisho wa ubeti anavuta neno, mara refu, mara fupi. Biti inamwacha."

Biti yenyewe nilikuwa nimeitengeneza mimi. Kinanda chetu cha kwaya tulikipata kwa Mkongo mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kikaja bila kitabu cha maelekezo, nikajifunza kwa kubonyeza kitufe kimoja kimoja. Ndani yake kuna sikwensa, yaani sehemu inayokumbuka ulichopiga. Unarekodi ngoma, unarudi unaongeza besi, kisha gitaa, halafu unabonyeza tu inapiga kama bendi nzima, wewe umekunja mikono. Siku nilipoigundua nilipita sokoni kifua mbele, utadhani nimeoa. Basi wimbo wote nilikuwa nimeupanga humo kwa mapigo ya kinanda chenyewe, beti zote sawasawa kama tofali.

Shangazi akavua hedfoni, akaziweka mezani taratibu kama mayai. "Mwana wanje, mwanangu, basi aimbe mwingine. Wimbo utoke tu."

Wimbo ni wake! Aliutunga akipalilia maharage, mimi nipo naye kwenye mstari wa pili, nausikia ukizaliwa. Nikamwambia prodyuza haimbi mtu mwingine, labda avunje kinanda kichwani kwangu. Akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Akasema turudi Jumamosi, na biti ikimwacha mama tena, ataimba msichana anayemjua yeye.

Mazoezi yaliyofuata sikupiga. Nilikaa nimenuna kwenye benchi, namwangalia shangazi tu. Kwaya yetu mwisho wa ubeti wanainama wote, kisha wanainuka pamoja. Hapo ndipo anapovuta neno. Nikafuata macho yake. Yalikuwa mstari wa nyuma, kwa bibi mmoja mwenye goti bovu. Bibi akiinuka haraka, neno linakuwa fupi. Goti likikataa, shangazi anavuta mpaka bibi asimame.

"Shangazi, kumbe unamsubiri bibi?"

Akanishangaa. "Sasa nimwache kainama peke yake?"

Miaka yote hiyo nipo kwenye kinanda, sijawahi kuangalia nyuma.

Nikazima mapigo ya kinanda, nikazima na kile kimlio cha kuhesabu. Nikabonyeza kurekodi, nikaomba kwaya icheze, ngoma nikawa napiga mwenyewe kwa vidole, macho kwenye goti. Bibi akishuka, ngoma inapoa. Akihangaika kuinuka, natikisa kayamba pole pole. Akisimama, nashusha pigo zito.

"We kijana, mbona unaniangalia miguu? Umekosa mchumba?"

"Bibi, inama tu."

"Nainama. Lakini nikibaki huku chini, utanibeba wewe na hicho kinanda chako."

Kwaya ikaangua kicheko, ikabidi tuanze upya. Siku hiyo kulikuwa na mvua na baridi ile ya kwetu, goti likawa jeuri kweli. Nililisubiri kila mara, sikukata hata kidogo. Walipokwenda nyumbani nikabaki naongeza besi na gitaa juu ya ngoma ile, nasubiri pale bibi aliposubiriwa.

Jumamosi tukakifunga kinanda kwenye blanketi, tukaenda Kasulu. Prodyuza akasikiliza, akakunja uso. "Dogo, biti inalegea."

"Hailegei. Inasubiri." Nikajiuma ulimi nisiongeze mengine.

Shangazi akavaa hedfoni, akaanza. Mwisho wa ubeti wa kwanza nikashika kiti. Ngoma ikapoa, naye akafumba macho, akavuta neno. Kayamba ikalia. Akavuta. Akainua kiganja kidogo, kama mtu anayemwinua mwenzake. Pigo likashuka, na yeye akashuka nalo palepale. Akaenda hivyo mpaka mwisho, bila kurudia.

Alipotoka nikamuuliza amejuaje.

"Si nilikuwa namuona," akasema. "Leo goti linamsumbua."

Prodyuza alihifadhi wimbo, na yule msichana hakumtaja tena.

Tulivyorudi, bibi aliusikiliza kwenye simu yangu, ameketi kwenye ngazi ya kanisa. Ulipofika ubeti wa tatu, ule mrefu kuliko zote, akanishika mkono.

"Hapa mbona mmekaa sana?"

"Hapo ni wewe, bibi. Ulikuwa hujasimama."

Akaweka kiganja juu ya goti.

"Hebu rudisha hapo."