Buti la Kushoto

Kwa miaka thelathini na minane Ofelia Cantú aliwashonea mabuti wafuga ng'ombe wa kusini mwa Texas, na kabatini kila mteja alikuwa na karatasi yake ya vipimo, kuanzia kidole gumba hadi shavu la mguu. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake, lakini nani angemhama? Buti lake halikujua kuchubua mtu.

Basi Delbert Pruitt, mteja wake wa tangu ujana, alipoingia akichechemea na buti la kushoto mkononi, alijua leo kampata Ofelia na kosa. Alikuwa ameendesha lori siku mbili kutoka mnadani Montana, na sasa buti halivaliki.

"Limesinyaa, mama. Uzee wako huo. Lipanue tu, nina kazi."

Ofelia alichukua utepe. Shavu la kulia lilikuwa vilevile kama kwenye karatasi. La kushoto lilizidi kwa inchi moja na nusu, jekundu, lina joto, na alipoligusa Delbert aliuma meno. Akamuuliza kuhusu pumzi. Kwa shingo upande Delbert alikiri kwamba tangu asubuhi ngazi tatu za barazani zinamfanya atwete, na akivuta pumzi kifua kinamchoma. Vumbi la mnadani tu, alisema, akaanza kuukanda mguu.

"Usiukande. Na buti silipanui. Naita gari la wagonjwa."

"Kwa ajili ya buti?"

Ofelia akamwonyesha rafuni mabuti ya marehemu mumewe, Ramiro. La kushoto lilikuwa pana kuliko la kulia.

"Naye aliniambia linambana. Nikalipanua kwa mikono hii hii, nikamkanda na mafuta. Siku ya tatu alikata roho hapo ulipokaa."

Delbert aliuachia mguu, akakaa akingoja gari.

Hospitali waliona damu imeganda ndani ya mguu, na kipande kimeshapanda mapafuni. Wakamtibu, wakamwambia kwamba kwenye safari ndefu vile ateremke kila baada ya saa mbili atembee.

Baada ya wiki tatu alirudi amevaa mabuti yote mawili. Ofelia alimkalisha, akapima mguu huu na huu, kisha akarudia, maana alimpenda mzee huyu kama kaka.

"Limeingia lenyewe," alisema Delbert. "Hukukosea, mama."

Kwa miaka tisa tangu Ramiro afe, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Ofelia aliangua kilio, utepe ungali mguuni mwa Delbert.